Shikamoo ya Chumba cha Nne

Kabla sijastaafu nilikuwa mkaguzi wa shule, na kazi ile ilinifundisha kutoamini neno lisilo na mwenyewe. Mwalimu mkuu akiniambia kwamba madawati yapo, nilikwenda kuyahesabu. Akiniambia kwamba wazazi wanalalamika, nilimwuliza ni mzazi yupi, alilalamika lini, na kwa maneno gani. Tabia hiyo nilikuja nayo Doha, ninakoishi na binti yangu, ambaye ni muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine. Wenzetu wa Kenya na Uganda walioko hapa wanaishi kwa habari za simu. Habari hutoka kwa mlinzi wa mlangoni, ikafika kwa dereva, ikafika kwa mhudumu wa hoteli, na Ijumaa, watu wanapotoka ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer, huwa imekwisha kuota mikono na miguu.

Mwezi wa kumi mwaka jana habari ilikuwa moja tu. Katika bustani ya michezo iliyo ndani ya jengo kubwa la maduka, wenyewe walikuwa wameandaa msimu wa Halowini, ijapokuwa mabango hayakuthubutu kulitaja jina hilo. Palikuwa na mizingile mitatu ya giza ambamo mgeni hupita akitishwa na waigizaji, na onyesho moja la jukwaani. Watu wetu walisema kwamba mifupa iliyomo ni ya wanadamu. Walisema pia kwamba kuna mama aliyetoka mle akiwa bubu. Nilimtafuta mama huyo kwa njia niijuayo: nilimwuliza aliyenieleza kwamba alielezwa na nani, nikaenda kwa huyo, kisha kwa yule aliyemtangulia. Mtu wa tano alinijibu kwamba alisikia kuna mzee mmoja mkali anayezunguka akiuliza habari za mama aliyekuwa bubu, ndipo akajua kwamba jambo hilo ni la kweli. Mzee huyo nilikuwa mimi.

Mhariri wa jarida letu dogo la Kiswahili, linalotumwa kwa simu kila mwezi, aliniomba niende nikaone na kuandika. Aliwaandikia wenye bustani, nao wakanipa ruhusa ya kuingia bure kwa sharti kwamba wapate nakala ya nitakayoyaandika. Sharti hilo lilinifurahisha. Katika kazi yangu ya zamani hatukuwahi kuondoka shuleni bila kumwachia mwalimu mkuu nakala ya taarifa. Niliona kwamba hawa ni watu wanaoelewa kazi.

Nilifika saa kumi alasiri, nikiwa na daftari, kalamu mbili na miwani ya kusomea.

Mzingile wa kwanza ulikuwa shule iliyohamwa. Niliukagua kwa ukali kuliko mingine, na nakiri kwamba niliifurahia kazi hiyo. Mwalimu aliyekufa alikuwa akiandika ubaoni huku amewapa wanafunzi mgongo, kosa ambalo nimelikemea hata kwa walio hai. Madawati yalikuwa mapya mno kwa shule iliyohamwa, na vumbi lake lilikuwa la kupulizwa, kwa maana lilikuwa limelala upande mmoja tu wa kila kitu. Mzingile wa pili ulikuwa msafara uliopotea jangwani. Huo niliusifu. Mchanga ulikuwa mchanga wa kweli, harufu ya udi iliyoungua ilikufuata kutoka hema moja hadi jingine, na sauti za watu wakiulizana njia zilitoka mahali usipoweza kupatambua. Hapo ndipo ilipokuwa ile mifupa. Nilisimama, nikavaa miwani, nikaukagua mfupa wa paja: mshono wa kalibu ulipita kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa plastiki. Niliandika hivyo, na sentensi hiyo pekee ilitosha kunirudisha nyumbani nikiwa nimeridhika.

Onyesho la jukwaani lilikuwa na moto, wacheza ngoma waliopakwa chokaa, na mtu aliyejitia kukatwa vipande viwili. Nililiona refu. Wacheza ngoma walikuwa wazuri kuliko muziki waliopigiwa.

Mzingile wa tatu ulikuwa hospitali. Vyumba vitatu vya mwanzo vilikuwa na kelele nyingi. Vijana waliovaa makoti yenye damu ya rangi waliruka kutoka nyuma ya mapazia wakipiga mayowe, nami niliandika idadi yao na mahali walipojificha, kwa sababu kila mmoja alijificha mahali pale pale ambapo mtu angetazamia. Kisha niliingia chumba cha nne.

Ilikuwa wodi ya vitanda vinne. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzimika upesi upesi, na kila ilipowaka vitu vilionekana vimesogea kidogo kutoka vilipokuwa. Juu ya kitanda cha tatu palikuwa na mtu aliyefunikwa shuka mpaka kichwani. Nilijua kwamba atainuka. Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya sentensi inayosema kwamba atainuka. Naye aliinuka, lakini hakupiga kelele kama wenzake. Aliketi taratibu, shuka likamteremka usoni, akanitazama kama mtu aliyenisubiri kwa muda mrefu, na sasa ananiona nimechelewa. Halafu akageuza kichwa upande mmoja, polepole, bila kuniondolea macho.

Daftari lilinianguka. Niliushika ukuta kwa mikono yote miwili. Sakafu ilikuwa ikienda na kurudi. Nilijiambia kwamba ni taa.

Mtu yule alishuka kitandani. Aliokota daftari langu, akalipangusa kwa shuka lake la maiti, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa pwani mbele ya mtu mzima, na kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Shikamoo, Babu."

Nilizikagua shule za pwani kwa miaka mingi na lafudhi ile naijua. Nilipokea daftari bila kumwitikia. Katika kazi yangu nilizoea kutoitikia salamu katikati ya somo, kwa sababu ukimwitikia mmoja darasa zima husimama na mwalimu hupoteza dakika tano. Aliniambia kwamba mlango uko mkono wa kulia, na kwamba mbele yake kuna kidaraja, nisikikimbilie. Alinishika kiwiko mpaka nikakivuka kidaraja hicho. Nyuma yetu niliwasikia wageni wengine wakiingia, naye akarudi mbio kitandani na kujifunika.

Nje niliketi kwenye benchi nikanywa maji. Nilipofungua daftari mkono ulikuwa umetulia, na mtu mwenye mkono uliotulia huandika kama kwamba haujawahi kutetemeka.

Taarifa ilikuwa ya kurasa mbili. Niliigawa kama nilivyozigawa taarifa zote za maisha yangu: mambo mazuri, upungufu, mapendekezo. Katika upungufu, mahali pa mzingile wa tatu, chumba cha nne, niliandika hivi: "Mwigizaji wa kitanda cha tatu alitoka katika nafasi yake na kumsalimu mgeni kwa salamu ya kwao. Hakutisha." Ukuta sikuutaja. Daftari lililoanguka sikulitaja, wala kiwiko, wala kidaraja. Niliifasiri taarifa yote kwa Kiingereza kwa mkono wangu mwenyewe, nikahakiki kila neno, nikaipeleka kwa msimamizi wa bustani kama tulivyoahidiana.

Jarida lilipotoka, watu walizipita habari za mifupa na mchanga, wakaishika salamu. Mzimu mwenye adabu, walimwita. Sehemu ile iliruka kutoka simu hadi simu. Dereva mmoja alinikuta kwenye mgahawa wa chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, karibu na kwetu, akanyoosha mkono na kuniambia, "Shikamoo, mzee, na mimi siyo mzimu, unaweza kuniitikia." Wote waliokuwapo walicheka. Nami nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku, watu walinijua kwa jambo nililoliandika, na sitadai kwamba halikunipendeza.

Juma moja baadaye binti yangu alirudi kutoka kazini, akaniambia, bila kuvua viatu, kwamba yule dada wa chumba cha nne ametolewa kule bustanini.

"Nani amekuambia?" nilimwuliza.

"Mwenzangu wa wodini."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

"Na mwanamke anayelala chumba kimoja na huyo dada, huko Al Wakrah."

"Mwanamke huyo alikuwapo alipotolewa?"

Binti yangu ni mtu mpole na huninyenyekea zaidi ya ninavyostahili. Siku ile aliketi mbele yangu na mkoba wake ungali begani. "Baba," alisema, "huyu si mwalimu mkuu. Ni mtu. Nambari ya msimamizi unayo. Piga uulize."

Nilimjibu kwamba sitampigia simu mgeni kwa neno lililopita vinywa vitatu, na kwamba nikimpata aliyeona kwa macho yake nitafanya linalopasa. Nilimkumbusha habari ya mama aliyekuwa bubu. Alikwenda kubadili nguo.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda Mesaimeer nikauliza, na wote walikuwa wamesikia tu. Ijumaa ya pili alinijia Mganda mmoja, mlinzi wa mlango wa wafanyakazi wa bustani ile. Nilimwuliza kama alisikia au aliona. Aliinua kiganja chake cha kulia. "Kadi yake niliipokea kwa mkono huu, mzee," alisema. "Alinipa, akaniaga vizuri, akaenda kungoja basi." Nilimwuliza siku. Ilikuwa ni siku mbili kabla binti yangu hajanieleza. Binti yangu alikuwa amenieleza kweli tupu, nami niliiacha ikae siku kumi na tatu ikisubiri shahidi.

Jumamosi nilikwenda kwa msimamizi. Ni Mlebanoni wa makamo, mwenye adabu nyingi. Aliniagizia kahawa, akanishukuru kwa taarifa, akasema kwamba katika kazi yake hajapata kupokea hati yenye manufaa kama ile. Alifungua jalada akanionyesha. Alikuwa ameipigia mstari wa rangi ya manjano mahali pengi, na mahali pa chumba cha nne aliupitisha mara mbili.

Nilimwuliza habari za mwigizaji yule, naye alinieleza bila kuficha kitu. Wengi wa waigizaji wa msimu ni watu wenye kazi nyingine, wanaokuja kwa ruhusa ya waajiri wao. Mwanamke huyo alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Lusail. Kila mwaka bustani huchagua wachache wao kubaki katika kikundi cha kudumu, kinachofanya maonyesho mwaka mzima. Jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha, kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kutisha bila kufungua kinywa. Lakini orodha ile ilipitiwa na wakubwa ambao hawajawahi kuingia mzingileni, na taarifa yangu ilikuwa mezani mwao. Kutoka katika nafasi, alisema, ni kosa dogo, mtu hufundishwa akaacha. Ila mkaguzi mwenye uzoefu, aliyevisifu vilivyostahili sifa na kuvikosoa vilivyostahili kukosolewa, alikuwa ameandika kwamba hakutisha. Hilo halifundishwi. Walimtoa katika orodha, na kwa kuwa walitaka kumjaribu mwingine katika kitanda kile, walimrudisha hotelini kabla ya msimu kwisha.

Nilimwuliza kama orodha inaweza kufunguliwa. Akasema ilifungwa Alhamisi. Si Alhamisi ya juma la kabla, alinisahihisha nilipohesabu vibaya, bali ya juzi tu.

Kwa hiyo siku aliyonieleza binti yangu, na siku zote zile nilizokuwa nikingoja mtu aliyeona kwa macho, orodha ilikuwa bado wazi.

Kabla sijaondoka niliomba kupita tena katika mzingile wa tatu, akaniruhusu. Katika kitanda kile palikuwa na kijana mwenye kifua kipana. Aliruka na shuka lake, akanipigia ukelele masikioni. Nilipita nikitembea.

Kumfikia mwanamke yule kulichukua siku chache, kwa njia ile ile niliyoidharau: binti yangu alimwambia mwenzake wa wodini, naye akamwambia yule mwanamke wa Al Wakrah, na jibu likarudi kwa vinywa vile vile bila kupotea hata neno moja. Tungekutana Ijumaa alasiri, siku yake ya mapumziko, kwenye mgahawa wa chai ulio chini ya jengo wanamolala. Nilichukua rasimu ya masahihisho niliyokuwa nimeiandika kwa ajili ya jarida na kwa ajili ya msimamizi. Nilikuwa nimeiandika mara nne.

Nisingemtambua. Bila chokaa na bila taa zile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye buibui jeusi na uso mwembamba uliotulia. Yeye ndiye aliyenitambua. Alisimama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba," nilisema. "Marahaba, mwanangu."

"Kumbe unaitika," alisema, akacheka kidogo. "Siku ile nilidhani nimesalimia mmojawapo wa wale masanamu."

Aliniagizia chai kabla sijamwagizia. Alinieleza, nilipomwuliza, kwamba kwao Kilifi alikuwa katika kikundi cha akina mama kilichoigiza vijijini michezo ya kuwafundisha watu habari za malaria na uzazi salama, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kila mara kuwa ugonjwa. Malaria alikuwa ni yeye. Watoto walikuwa wakimkimbia hata sokoni. Alikuja Doha kufanya kazi ya vyumba, miaka sita sasa, na mwaka ule ndio wa kwanza mtu kumlipa kwa kile alichokijua. Aliyasema haya kwa wepesi, akiikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

Nilimpa rasimu. Aliisoma yote, akarudi juu akaisoma tena, huku kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimeandika kwamba mwigizaji wa chumba cha nne alionyesha utu na uangalifu wa hali ya juu. Kwamba mkaguzi alikuwa amepoteza mwelekeo kwa muda kutokana na mwanga. Kwamba salamu ile haikupaswa kuhesabiwa kuwa upungufu. Nilijivunia maneno hayo.

Aliiweka mezani, akaigeuza ielekee upande wangu.

"Ya shikamoo wala hayakuniuma, Babu," alisema. "Walinicheka, nikacheka nao. Ni kweli nilitoka kwenye nafasi, na ungekuja kesho ningetoka tena. Nisingemwacha mtu mzima aanguke." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Lakini kwenye ule mstari mwingine uliandika *hakutisha*. Hapa pia hujaugusa. Unasema mwanga."

Nilianza kumweleza kuhusu taa zile, jinsi zinavyowaka na kuzimika.

"Babu, ulikuwa umeushika ukuta kwa mikono miwili," alisema. "Kama sikukutisha, mimi nilishuka kitandani kwa nini?"

Nimewauliza walimu maswali kwa muda mrefu wa maisha yangu na nalijua swali lisilo na jibu zaidi ya moja. Wenye mgahawa walikuwa wakiita majina ya vinywaji. Nilitoa kalamu. Nilikata mstari wa mwanga, na juu yake, kwa mwandiko ambao haukuwa wangu wa siku zote, niliandika: "Niliogopa. Nimeingia vyumba vyote vya mizingile mitatu, na yeye peke yake ndiye aliyenitisha. Alipoona kwamba nimetishika kupita kiasi, alinisaidia kutoka, nami nikaandika kwamba hakutisha." Nikatia sahihi.

Aliisoma. Safari hii hakurudia.

Niliunakili ukurasa ule palepale katika daftari langu, nikauliza kama ameridhika, akasema ndiyo, kisha akaomba apewe ile yenye mkato na mwandiko wa mkono, si itakayopigwa chapa. Alisema kwamba mwakani akienda kujaribu tena, huko au kwingine, ataionyesha, na watu huamini zaidi wakiona mahali mtu alipokata. Aliikunja mara mbili akaitia ndani ya kifuko cha simu yake. Tulikunywa chai. Aliniuliza kama magoti yananisumbua siku hizi, nami nikamjibu kwa ukweli.

Masahihisho yalitoka katika jarida la mwezi uliofuata. Sikuyaona yakiruka kwenye simu ya mtu yeyote, wala dereva wa chai ya karaki hakuyataja. Yeye bado huniambia kwamba si mzimu. Msimamizi alinijibu kwa mistari mitatu ya heshima kwamba ameyatia katika jalada. Mwanamke yule angali anatandika vitanda Lusail. Binti yangu humwona mara kwa mara na huniletea salamu zake, nami huzipokea bila kuuliza zimepitia kwa nani.

Daftari lile nililipoteza wakati tulipohama nyumba. Kwa hiyo taarifa ya kweli anayo yeye. Mimi nimebaki na kurasa mbili za ile ya mwanzo, zilizopigwa chapa vizuri, zisizo na mkato hata mmoja.